Kwa nini meli ya uokozi inazidi kuwa ndogo

Msomaji ameuliza:

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa uchoraji, niko Tanga. Darasani tulionyeshwa picha ya mchoraji Mfaransa Géricault, "Chelezo cha Méduse", ya manusura wa merikebu wakiwa juu ya chelezo. Nikaenda kutafuta mwenyewe michoro yake ya maandalizi, na sasa nimechanganyikiwa. Kwenye mmoja mashua ya uokozi imeshafika kabisa. Kwenye mwingine meli iko mbali lakini inaonekana. Kwenye picha kubwa yenyewe niliitafuta meli mpaka macho yakauma. Je, alikuwa anabadilisha mawazo tu? Na hiyo michoro midogo, tuihesabu kuwa picha au ni makaratasi ya kutupa? Naomba unijibu kwa kirefu."

Marahaba, mwanangu. Macho yako hayana kosa. Meli ipo. Nenda upande wa kulia, pale bahari inapokutana na mbingu, utaona kidoa chenye ncha, mfano wa ukucha wa paka. Hata anayesimama mbele ya picha yenyewe pale makumbusho ya Louvre, mjini Paris, picha yenye upana wa mita 7.16 na kimo cha mita 4.91, anaweza kumaliza nusu saa akitazama maiti na migongo, akaondoka bila kuiona.

Kuhusu kubadilisha mawazo: alibadilisha, ndiyo, lakini kwa kuelekea upande mmoja tu. Kila hatua alikuwa akiifukuza ile meli. Ili uone sababu yake inabidi tuanze na maji, maana mkasa wenyewe ni wa kweli na mchoraji aliufuata kama mpelelezi.

Méduse ilikuwa manowari ya Ufaransa. Juni 1816 iling'oa nanga karibu na Rochefort pamoja na vyombo vingine vitatu, ikielekea Saint-Louis huko Senegal, koloni ambalo Waingereza walikuwa wanalirudisha kwa Wafaransa. Ndani yake mlikuwa na watu wapatao 400, akiwemo gavana mpya. Nahodha, Hugues Duroy de Chaumareys, alikuwa mwana wa ukoo wa kikabaila aliyepewa chombo kwa sababu ya utiifu wake kwa mfalme. Alikuwa hajashika usukani wa maana kwa zaidi ya miaka 20. Tarehe 2 Julai, mchana kweupe, akapanda fungu la Arguin, nje ya pwani ya Mauritania. Wewe ni mtoto wa Tanga, sina haja ya kukueleza kwamba fungu hujulikana kwa rangi ya maji. Mle melini walikuwemo maofisa walioiona rangi hiyo ikibadilika na wakasema. Hawakusikilizwa.

Mashua hazikutosha. Wakachukua milingoti, foromali na mbao, wakafunga kwa kamba chelezo chenye urefu wa kama mita 20 na upana wa mita 7, wakashusha juu yake watu 147. Uzito wao ulikizamisha, wengi wakasimama ndani ya maji hadi kiunoni. Mpango ulikuwa mashua zikivute mpaka ufukweni. Haukupita muda, kamba zikaachiwa na mashua zikaenda zake. Waliobaki nyuma walikuwa na mapipa ya mvinyo na biskuti ambazo ziliisha siku ya kwanza. Kilichofuata ni siku 13 za njaa, maasi ya usiku, watu kuuana kwa mapanga na shoka, kula nyama ya waliokufa, na mwisho wenye nguvu kuwatosa baharini wagonjwa ili mvinyo uwatoshe waliobaki. Tarehe 17 Julai meli ya Argus, mojawapo ya zile zilizofuatana nao, ikawakuta 15. Watano kati yao wakafa muda si mrefu baada ya kufikishwa nchi kavu.

Wawili katika manusura, tabibu Henri Savigny na mhandisi Alexandre Corréard, waliandika kitabu kilichotoka 1817, na serikali ya mfalme ikaaibika. Chaumareys alihukumiwa kifungo cha miaka 3. Théodore Géricault ndipo alipoingia. Alikuwa na miaka 26 au 27, ametoka Italia, ana fedha zake za urithi na hajaagizwa na mtu yeyote. Vitabu huwa vinamweka kwenye mkondo wa ulimbwende, yaani sanaa ya hisia kali (Romanticism), na safari hii neno limempata pande zote mbili, kwani alikuwa kijana wa kujipamba, mpenda farasi na matembezi. Alipoamua kuifanya kazi hii alinyoa nywele zake zote ili aone haya kutoka nje.

Sasa tuje kwenye karatasi zako.

Kitu cha kwanza alichotafuta kilikuwa saa. Siku 13 zina mambo mengi na picha ina mahali pa jambo moja tu. Kwa hiyo alichora kila tukio lililoweza kuwa picha, akalipima. Alichora maasi: mapanga juu, miili inaporomoka majini, wengine wanaomba. Utazame mchoro huo kwa makini, kwani una nguvu, lakini una kasoro ambayo naamini yeye mwenyewe aliiona. Jicho halijui litue wapi, na mtazamaji anaanza kuuliza nani mkosaji katika ugomvi ule, anamsahau kabisa aliyewatelekeza wote. Alichora ulaji wa nyama za watu, na mchoro huo upo Louvre. Huo umepangwa vizuri mno, karibu tayari kukuzwa. Aliuacha. Sidhani aliogopa kashfa tu. Picha ya namna ile mtu huitazama mara moja akageuza uso, na aliyegeuza uso hajaona kitu.

Halafu alichora ule uliokuchanganya, mashua imefika, manusura wananyoosha mikono, mabaharia wanawapokea. Ni tukio zuri, lina huruma, na lingempendeza kila mtu aliyekuwa madarakani. Shida yake ni kwamba hadithi imekwisha. Anayeitazama anashusha pumzi, anasema alhamdulillahi wamepona, anaenda kwenye picha inayofuata. Nadhani hapo ndipo Géricault alipong'amua kwamba akitaka watu wasiondoke, wokovu usifike.

Akairudisha meli nyuma, kwenye ile saa ya kuionea mbali. Kuna michoro midogo ya rangi ya mafuta, miwili ipo Louvre, isiyofika hata mita moja kwa upana. Hiyo inakaribia picha tunayoijua: tanga kushoto, rundo la watu, mtu anapunga kitambaa. Lakini watu ni wachache zaidi na Argus bado ni meli, ina umbo. Kila alipoipangilia upya aliisogeza mbali, mpaka ikabaki kidoa.

Ukisoma maelezo ya manusura utaona kwa nini kidoa ndicho ukweli wenyewe. Asubuhi ile ofisa mmoja aliiona meli kwenye upeo. Wakapiga kelele za furaha. Wakanyoosha pete za chuma za mapipa, wakafunga vitambaa vya rangi mbalimbali kwenye ncha zake, wakamsukuma mtu mmoja apande mlingoti apunge. Kwa kama nusu saa walikuwa kati ya matumaini na hofu. Kisha Argus ikatoweka. Wakaingia chini ya hema lao la tanga, wakalala wakingoja kufa. Baadaye sana mmoja wao alitoka nje, akaiona meli ile ile inakuja, imeshakaribia.

Kwa hiyo wale watu unaowaona wakipunga, meli haiwaoni. Picha ile ni ya furaha ambayo nusu saa baadaye itavunjika. Mtazamaji wa Paris aliyesoma kitabu alilijua hilo. Asiyesoma aliachwa afanye walichofanya wao, kukodoa macho na kubabaika kama kile ni chombo au ni povu la wimbi. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba ulitafuta mpaka macho yakauma. Basi ulikuwa ndani ya chelezo.

Angalia na tanga. Limejaa upepo, limetuna. Watu wote wanaelemea kulia, kwenye kidoa, lakini mlingoti na tanga viko kushoto na upepo unakivuta chelezo upande huo, mbali na meli, kuelekea wimbi kubwa linaloinuka nyuma. Hakuna mwanafunzi anayeliona hilo siku ya kwanza, bali mvuvi yeyote wa Tongoni angeliona kabla hujamaliza kumtolea picha mfukoni.

Na aliyepanda mlingoti? Géricault alimshusha, akamweka mwisho kabisa wa chelezo, upande wa bahari, juu ya pipa. Angemwacha mlingotini, jicho lingepanda juu kushoto na kuishia pale. Kwa kumhamisha, miili yote imekuwa kama ngazi inayoanza na maiti chini, inapitia waliokata tamaa, wanaojiinua kwa viwiko, waliopiga magoti, waliosimama, mpaka mkono mmoja wenye kitambaa, na baada ya mkono huo hakuna kitu ila bahari na kile kidoa. Hapo alivunja maelezo ya mashahidi makusudi, na mashahidi wenyewe walikuwa wanaingia na kutoka studio yake. Savigny na Corréard wote wamo pichani, karibu na mlingoti, Corréard akinyoosha mkono kuonyesha upeo.

Huyo aliye kileleni ni mtu mweusi. Hili linastahili tulikalie kidogo. Katika wale 15, mweusi alikuwa mmoja, askari anayetajwa kwa jina la Jean-Charles, na alikuwa miongoni mwa waliofariki mara baada ya kuokolewa. Pichani wapo watatu. Hawakuongezeka kwa bahati. Mwanamume ambaye kwa kawaida hutajwa kuwa modeli wa yule wa juu aliitwa Joseph, mzaliwa wa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa lililojikomboa likawa Haiti mwaka 1804. Alikuwa akiishi kwa kazi ya kukaa mbele ya wachoraji wa Paris. Méduse ilikuwa inaelekea Senegal, na biashara ya watumwa, ingawa Ufaransa ilikuwa imeipiga marufuku, ilikuwa inaendelea kichinichini. Utumwa wenyewe katika makoloni ya Ufaransa ulidumu mpaka 1848. Miaka michache baada ya picha hii Géricault alianza kuchora mpango wa picha nyingine kubwa juu ya biashara hiyo, akafa kabla hajaigeuza kuwa kitu. Kumweka Joseph juu ya wote, na kulikabidhi bega lake tumaini la chelezo kizima, kulikuwa kauli mbele ya watu wa mwaka 1819. Tena ni kauli isiyo na uso: anatupa mgongo.

Mgongo huo una zoezi lake. Lipo Montauban, kusini mwa Ufaransa, katika jumba la makumbusho la Ingres. Ni mgongo wa Joseph tu, kwa rangi ya mafuta. Litafute leo. Halina bahari, halina chelezo, halina hadithi. Kuna mifupa ya bega inavyosogea chini ya ngozi mkono unapoinuka, na mwanga unavyoteleza kwenye bonde la uti wa mgongo. Lingine la uso, linalodhaniwa kuwa la Joseph huyo huyo, lipo katika makumbusho ya Getty huko Los Angeles. Ukiwa umezoea kuona watu weusi wa picha za zamani za Ulaya wakiwa wamebeba sinia au wameshika hatamu za farasi, uso ule utakusimamisha.

Haya, tumefika kwenye swali lako la pili, nami sitakujibu kwa neno moja, kwa sababu kile unachokiita michoro ya maandalizi ni vitu vya aina mbalimbali vilivyotiwa kwenye kapu moja.

Ile ya kutafuta saa na mpangilio, ya wino na penseli na ile midogo ya mafuta, ni mazungumzo ya mchoraji na nafsi yake. Usiipime kwa uzuri. Mingine ni mibaya, na ilitakiwa iwe mibaya, kwa sababu ilifanywa ili ikataliwe. Thamani yake ni kwamba unauona uamuzi ukifanyika.

Mazoezi ya kiungo kimoja kama ule mgongo ni jambo jingine. Hapo swali limeshakuwa dogo sana, na mchoraji hodari akikabiliwa na swali dogo hujibu kikamilifu. Mimi huuhesabu mgongo wa Montauban kuwa picha, na sioni haya kusema una uhai kuliko migongo kadhaa iliyoingia kwenye kanvasi kubwa.

Halafu kuna yale ya kutisha. Studio ya Géricault ilikuwa karibu na hospitali ya Beaujon. Alikwenda kuwatazama wanaokata roho, na alipata ruhusa ya kuchukua viungo vya maiti, mikono na miguu, akaviweka studio akivichora vinavyooza. Kichwa cha mwizi aliyefia Bicêtre, hospitali iliyokuwa pia gereza, alikaa nacho majuma mawili, kimewekwa juu ya paa. Matokeo yake ni picha kama ile ya mikono na miguu iliyokatwa, iliyopo makumbusho ya Fabre huko Montpellier, na ile ya vichwa viwili, cha mwanamke na cha mwanamume, iliyopo Stockholm. Cha ajabu, viungo hivyo havikuingia moja kwa moja kwenye picha kubwa. Maiti za chelezoni zina ngozi nzima na misuli ya wanamieleka. Watu waliokaa siku 13 bila chakula wanaonekana kana kwamba wametoka gimu! Wakosoaji wa wakati ule walilisema na sisi tunalisema bado. Wengine humtetea kwamba alikuwa ametoka kuziona kazi za Michelangelo huko Roma, na kwamba mifupa mitupu ingempa mtazamaji huruma lakini isingempa kishindo. Mimi namkubalia nusu. Nadhani alihitaji kujua mauti yanavyokuwa na rangi gani, kisha akachukua rangi tu, akaviacha viungo. Nenda ukalinganishe ile kijani ya mguu wa Montpellier na ngozi ya kijana aliyelala mapajani mwa mzee upande wa kushoto.

Kuna na maandalizi ambayo hayakubaki ukutani kwa mtu. Alimtafuta seremala wa Méduse aliyenusurika, naye seremala akamtengenezea mfano mdogo wa chelezo, mbao kwa mbao, na Géricault akaweka juu yake vijitu vya nta akivisogeza. Alisafiri hadi Le Havre kutazama bahari na mawingu. Alipokutana njiani na rafiki yake aliyeugua ugonjwa wa manjano, uso umemgeuka rangi, alifurahi kama aliyeokota dhahabu. Eugène Delacroix, mchoraji ambaye baadaye alikuja kuwa mkubwa kumzidi kwa sifa, alilala kifudifudi akachorwa. Ndiye yule kijana wa mbele, kichwa chini, mkono umenyooka juu ya mbao.

Baada ya yote hayo, kanvasi yenyewe aliianza Novemba 1818 na kufikia Julai 1819 alikuwa amemaliza. Waliouona mtindo wake walishangaa. Alihamisha mistari ya nje kwenye kanvasi nyeupe, kisha akachora mtu mmoja mmoja, akimkamilisha kabisa kabla ya kumgusa wa pili, modeli akiwa mbele yake, siku nzima kimya. Huwezi kufanya kazi namna hiyo kama bado unajiuliza meli iwe wapi. Maswali yalikuwa yameishia kwenye karatasi. Kasoro moja tu ilimponyoka, nayo ni kemia: alitumia rangi yenye asili ya lami kupata weusi mzito, na lami haikauki sawasawa, hukunjamana na kuzidi giza. Kwa hiyo ukiona kwenye simu yako picha ni nyeusi, si simu peke yake. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 1859 na 1860 wachoraji wawili walifanya nakala yake ya ukubwa ule ule, ambayo ipo Amiens.

Paris waliitundika juu sana ukutani, chini ya jina tupu la "Tukio la kuzama kwa meli", ili mfalme asichafuliwe. Akapewa nishani, akabaki na picha yake bila mnunuzi. Mwaka uliofuata aliipeleka London, ikawekwa chini, karibu na sakafu, ukingo wa chelezo usawa wa miguu ya watu. Walikuja kama 40,000 kuiona kwa kiingilio. Alifariki Januari 1824, umri miaka 32, na mwaka huo huo vitu vya studio yake vikapigwa mnada. Louvre ilipata picha kubwa. Michoro midogo ilitawanyika, na ndiyo maana leo unaikuta Rouen, Lille, Montauban na kwingineko, na ndiyo maana lazima uwe mwangalifu: kuna nakala nyingi ndogo zilizofanywa na watu wengine baadaye zinazopita kwa jina la maandalizi. Kipimo changu cha haraka ni hiki. Ukiona kila kitu kwenye picha ndogo kimekaa pale pale kilipo kwenye picha kubwa, kidoa na yote, tia shaka. Aliyekuwa anatafuta hawezi kuwa ameshapata.

Umesema mnajifunza, basi nikupe kazi. Chukua tukio moja ulilosikia kwa watu wawili tofauti, la baharini au la sokoni, sijali. Lichore mara sita kwa mkaa, kila karatasi isizidi kiganja, kila moja saa yake: kabla, katikati, baada, na zile ambazo hakuna mtu angefikiria kuzichora. Usirembe. Kisha chukua ile unayoipenda, uisogeze mbali habari njema iliyomo mpaka mtu alazimike kuitafuta. Ukimaliza usinitumie picha kubwa. Nitumie zile tano ulizozikataa, na nyuma ya kila moja uniandikie sababu.